Jina la Nepi

Wanamuziki walimwita Dada Maboksi, na jina hilo halikumuudhi hata siku moja, maana lilikuwa la haki. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake pale studio ilikuwa ni maboksi: maboksi ya kadibodi, bapa, mapana kama sinia, kila moja na kanda yake ya sauti ndani. Yeye ndiye aliyeyapanga rafuni na kuyafuta vumbi, ndiye aliyejua lipi limetoka na lipi halijarudi, na ndiye aliyeandika ubavuni mwa kila boksi kwa wino mweusi, kwa herufi zilizosimama wima bila hata moja kuegemea mwenzake. Mwandiko huo ulikuwa fahari yake. Wanawake wengine hujisifia watoto, yeye alijisifia herufi, na ukimchokoza kidogo tu atakwambia kwamba katika miaka yote hiyo hakuna boksi lililopotea mikononi mwake. Hilo ni kweli. Kilichopotea kilikuwa jina, na hilo hakumwambia mtu kwa miaka thelathini na minane.

Studio yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Bosi alipachagua makusudi, kwa sababu magodoro yalimeza kelele na mwenye duka alikuwa mzito wa kusikia. Chumba cha kurekodia kilibandikwa trei za mayai kuta zote nne. Nyuma ya kioo kikubwa alikaa Fundi na mitambo yake, na nje ya mlango wa Fundi palikuwa na meza ndogo yenye taipureta, kalamu tatu na birika la chai. Hapo ndipo alipokaa Dada Maboksi. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne, mama yao amefariki, na wadogo zake watatu wakimtazama yeye kwa kila kitu kuanzia viatu hadi ada.

Bendi iliyoipa studio ile jina ilikuwa ya watu watano, na ilipiga muziki wa roki wakati ambao watu wazima wakisikia gitaa la namna ile walidhani kuna mtu anakata bati. Mtunzi wao alikuwa mpiga gitaa waliyemwita Mrefu. Alikuwa mrefu kiasi kwamba kila mlango ulimtaka ainame, na kwa kuwa siku zote alikuwa na haraka, mara nyingi alisahau. Ukisikia kishindo na mtu akiguna, ujue Mrefu amefika kazini. Dada Maboksi alimwita kaka, kaka naye akamwita dada, na mke wa Mrefu, ambaye alikuwa mshonaji, akawa wifi yake bila hata sherehe.

Sasa, jambo la majina lilitoka kwa Fundi. Fundi alikuwa mtu wa nyaya na bisibisi, hana mzaha, lakini alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea. Wimbo ukiupa jina la kikubwa mapema, alisema, unavimba kichwa.

“Unaanza kuringa,” aliwaambia. “Mara gitaa halikai, mara mwimbaji anakauka koo. Mpeni jina la nepi kwanza, akue. Jina la shule atapewa akifika shule.”

Walimcheka, halafu wakamtii. Kila wimbo ulioingia mle ndani ulipewa jina la kitu chochote kilichokuwa karibu siku hiyo. Kulikuwa na wimbo ulioitwa Nani Kamaliza Sukari. Kulikuwa na Koti la Bosi, na Mbwa wa Jirani Tena. Ule wimbo wa majonzi ambao mpaka leo unapigwa watu wakiagana ulikua kwa jina la Soksi Moja, kwa sababu mpiga besi alikanyaga dimbwi akija kazini na ilibidi aanike soksi dirishani, ikachuruzika mchana kutwa. Watu wanaposikia wimbo ule na kufuta machozi, Dada Maboksi humwona tu mpiga besi na mguu wake mmoja mtupu, na hulazimika kutazama pembeni asionekane hana utu.

Kabla ya kila mara ya kurekodi, Fundi aliinamia kipaza sauti chake na kutangaza, ili kanda ijitambulishe yenyewe: “Soksi Moja, mara ya tatu.” Kisha kimya, kisha ngoma. Maneno hayo yalikatwa baadaye, hayakufika kwenye santuri.

Jina la nepi liliandikwa na Dada Maboksi ubavuni mwa boksi, kwa wino. Jina la shule liliandikwa na mtunzi mwenyewe, kwa mkono wake, ndani ya kifuniko, na kwa penseli, ili akibadili mawazo afute. Hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia. Siku ya kupeleka orodha kwa wachapaji wa majalada, na siku hiyo tu, Dada Maboksi alifungua vifuniko kimoja kimoja na kupiga majina kwenye taipureta. Aliipenda siku hiyo kuliko sikukuu. Wimbo umeishi naye miezi mitano ukiitwa Koti la Bosi, sasa anafungua kifuniko na kukuta jina lake hasa, na duniani kote hakuna anayelijua isipokuwa aliyeuzaa na yeye.

Kijiko kilizaliwa asubuhi moja ya mvua. Walikuwa na wimbo mpya wa mwendo wa polepole, jambo lisilo la kawaida kwao, na mpiga ngoma alikuwa amejaribu kila kitu akashindwa. Wakapumzika. Mrefu akawa anakoroga chai yake huku mawazo yako mbali, kijiko kikigonga kikombe, ting, ting-ting, ting. Mpiga ngoma akaruka.

“Hapo hapo! Usiache! Koroga!”

Mrefu alikoroga chai nusu saa nzima, mpaka ikapoa, mpaka mkono ukamuuma, huku mwenzake akiyahamisha mapigo yale kwenye ngoma. Dada Maboksi alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha akachukua boksi jipya na kuandika ubavuni: KIJIKO.

Albamu ilikuwa na nyimbo kumi. Siku ya kufungua vifuniko, maboksi tisa yalikuwa mezani kwake na la kumi, la Kijiko, lilikuwa ndani kwa Fundi, akitoa nakala. Taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango, na taa hiyo ikiwaka hata Bosi haingii. Chini barabarani gari la wachapaji lilikuwa limefika, dereva akipiga honi kama mwenye ugomvi nayo. Dada Maboksi akapiga majina tisa ya shule. Kwenye la kumi akapiga Kijiko, liwe pale kushika nafasi tu, taa ikizimwa atalirekebisha. Hapo simu ikalia. Ilikuwa shule ya mdogo wake wa mwisho: mtoto ana homa kali, njoo umchukue. Alitia orodha kwenye bahasha, akateremka ngazi mbilimbili, akampa dereva, akakimbia. Mtoto alipona baada ya siku nne, na kwa siku zile nne hakuna kingine kilichokaa kichwani mwake.

Alikumbuka siku majalada yalipoletwa. Wote walikuwepo wamezunguka furushi, na Bosi mwenyewe ndiye aliyelikata kamba na kusoma kwa sauti. Alipofika la kumi alisogeza jalada karibu na macho.

“Kijiko?” alisema. “Albamu nzima inafungwa na Kijiko? Nani kaandika hivi?”

Dada Maboksi alirudi nyuma hatua moja. Aliyekuwa mezani pale kabla yake alifukuzwa kwa kosa la herufi moja tu, na yeye alikuwa na midomo mitatu nyumbani. Mrefu akalitazama jalada, akamtazama yeye, kisha akatazama dari.

“Ni mimi, Bosi,” alisema. “Nilibadili mawazo. Kijiko ni jina zuri.”

“Zuri kwa lipi?”

“Lina... lina chuma ndani yake. Si tunapiga roki?”

Wenzake walimcheka, Bosi akatikisa kichwa, mambo yakaisha. Baadaye Mrefu alimkuta Dada Maboksi kwenye ngazi analia, akakaa naye kwenye kipandio, magoti yake yakimfika karibu na masikio.

“Yameisha, dada. Usimwambie mtu, hata Fundi. Bosi akijua leo au mwakani ni yale yale.”

“Na jina lenyewe, kaka? Ulikuwa umeandika nini?”

“Halijafa. Lipo kwenye kifuniko.” Akainuka na haraka zake, akapiga kichwa kwenye fremu ya mlango, akaguna, akaenda zake.

Dada Maboksi angeweza kufungua kifuniko kesho yake akaliona. Hakufungua. Alifunga boksi lile kwa uzi, mafundo mawili, akalisukuma mwisho wa rafu, na tangu siku hiyo kila akifuta vumbi aliliruka.

Kosa lenyewe nalo likageuka neema. Wimbo ulishika nchi nzima. Watu walishindwa kuelewa maana yake: wimbo wa mapenzi, mtu anaimba kwamba hana haraka tena, nyumba inamjua, ngojeni afunge kamba za viatu, na mle ndani hakuna kijiko hata cha dawa! Mwandishi mmoja wa gazeti alijaza ukurasa akieleza kwamba kijiko ni moyo, hupokea kidogo na kutoa kidogo. Mashabiki wakaanza kuja kwenye maonyesho na vijiko, wakavigonga chupani, wakavirusha jukwaani, na Mrefu alirudi nyumbani na mifuko inayolia. Dada Maboksi alicheka pamoja na wote. Alijiambia kwamba, tena, huenda alimfanyia kaka yake hisani. Ukijiambia jambo kwa miaka mingi linazoea kukaa ndani yako kama mpangaji asiyelipa wala kuhama.

Miaka ikaenda. Bendi ilivunjika, studio ikafungwa, magodoro yakapanda ghorofani. Bosi alifariki, Fundi akafariki. Mrefu aliugua muda mrefu akafa, imetimia miaka kumi na miwili sasa, na Dada Maboksi alikwenda msibani akaosha vyombo siku tatu na mashemeji. Siku zile wifi yake alimshika mkono akasema, “Wewe ulikuwa dada yake kweli.” Neno hilo lilimchoma, akaliacha lipite.

Mwaka huu, Jumatatu moja, mjukuu wa Bosi alimfuata nyumbani. Alikuwa msichana mchangamfu, anafanya kazi redioni, na ndani ya gari lake alikuwa na maboksi yote kumi. Alitaka kuitoa albamu upya. Tatizo, alisema, ni kwamba ameyasoma maboksi mbele na nyuma na hakuna hata wimbo mmoja anaoutambua.

“Bibi, hebu niambie, Nani Kamaliza Sukari ndio nini?”

Dada Maboksi alicheka hadi akatafuta kiti. Halafu aliketi sakafuni, na goti lake bovu, akayapanga maboksi mbele yake kama zamani. Harufu ilikuwa ile ile, ya kadibodi na kitu kama siki. Mwandiko wake wa ujana ulimtazama ukiwa umesimama wima. Alimweleza msichana habari za nepi na za shule, akamwonyesha jinsi ya kufungua kifuniko, na kwa kila boksi akatoa kisa: sukari aliimaliza mwimbaji na akaapa si yeye, koti la Bosi liliungua na sigara, mbwa wa jirani mpaka leo anasikika kwenye kanda ukiongeza sauti. Msichana alishangilia kila penseli iliyojitokeza. Kwa saa mbili Dada Maboksi alikuwa amerudi kwenye meza yake, chai inachemka, na nyuma ya kioo kila mtu yu hai.

Lilipobaki boksi moja, hakulifungua.

“Hili ni Kijiko,” alisema. “Hili linajulikana.”

“Tena hicho ndicho kinachoniumiza kichwa,” msichana alisema. “Mke wa Mrefu ndiye mwenye kutoa ruhusa ya nyimbo zote, na amenikatalia. Anasema albamu itoke, ila Kijiko kitolewe. Nimembembeleza wee! Ijumaa orodha inaenda kuchapwa.”

“Kitolewe? Kwa nini?”

“Anasema mumewe alimwahidi wimbo, akamletea kijiko.”

Dada Maboksi alishika boksi kwa mikono miwili. Mafundo yake mawili yalikuwa bado pale, na kwa mara ya kwanza aliona alichokuwa amekifunga. Aliomba mkasi. Ndani ya kifuniko penseli ilikuwa imefifia, lakini mkono wa Mrefu ulikuwa mkubwa kama mwenyewe. TARATIBU, aliandika. Na chini yake, kwa herufi ndogo: wa mama watoto.

Alikaa na kifuniko mapajani. Miaka yote alidhani amepoteza neno. Kumbe amepoteza zawadi ya mtu, na mwenye zawadi alikuwa akimwandalia chai kila alipokwenda kumsalimia.

“Kaihamishe hii kanda kwenye kompyuta,” alimwambia msichana. “Yote, tangu inapoanza. Usikate kitu. Halafu Alhamisi unipeleke kwa wifi yangu.”

Siku mbili zile aliishi kwa taabu. Alijaribu maneno mbele ya kioo na hakuna hata moja lililokuwa zuri. Alitamani goti limzidie apate sababu ya kutokwenda. Halitaki kuzidi ukilitaka. Alijua wazi kwamba akinyamaza tena, Ijumaa wimbo utatolewa, na yule mwanamke atakufa akiamini mumewe alikuwa mwongo.

Mjane wa Mrefu aliishi ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba za saruji zilizolika katikati. Alikuwa bado anashona. Cherehani ilikuwa dirishani, vipande vya vitambaa kila mahali, na chai ililetwa kama kawaida ya nyumba hiyo: vikombe vitatu, sukari, na uma tatu. Miaka yote chai ya nyumba hii ilikorogwa kwa mpini wa uma. Vijiko vya mashabiki vilijaa droo nzima na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Dada Maboksi siku zote alidhani ni vituko vya wifi yake. Leo uma ule ulimzidi uzito.

“Wifi,” alisema kabla hata jasho la ngazi halijamkauka, “nimekuja kukwambia neno, na ukitaka kunifukuza baadaye nifukuze. Kijiko si jina la ule wimbo. Ni kosa langu mimi.”

Akamwambia yote, taa nyekundu, honi, homa ya mtoto, Bosi na furushi lake, na Mrefu akitazama dari. Hakujitetea wala hakutia chumvi. Mwishowe akafungua boksi akamwekea kifuniko juu ya cherehani.

Mjane alivaa miwani ya kushonea. Alisoma, akagusa penseli kwa ncha ya kidole, akakiondoa haraka asije akafuta.

“Miaka thelathini na minane,” alisema.

“Ndiyo, wifi.”

“Umekula kwangu. Umekuja msibani ukaosha masufuria. Ulikuwa na hili tumboni?”

“Nilikuwa nalo. Kwamba ni lako ndio sikujua. Lakini nilikuwa nalo.”

Mjukuu wa Bosi alitazama viatu vyake. Mjane alivua miwani, akaivaa tena.

“Unajua neno lenyewe limetoka wapi?” alisema. “Kila asubuhi alitoka hapa mbio, gitaa mgongoni, baiskeli hajaishika vizuri. Nikisimama dirishani hapo namwambia, taratibu! Kila siku ya Mungu. Siku moja akaniambia, hilo neno lako nalitungia wimbo, utalisoma kwenye jalada. Basi santuri ilipotoka mimi nilivaa gauni jipya, nimelishona mwenyewe. Nikasoma yale majina. Nikasoma tena. Namuuliza wangu uko wapi, ananiambia, ni Kijiko. Mimi, kijiko! Nikamwambia umenisahau, sasa unanidanganya. Akasema, usikilize tu. Sikusikiliza. Mpaka leo sijausikiliza ukaisha. Redio ikiupiga nazima.”

“Hakukwambia ni mimi?”

“Angethubutu? Ananijua. Ningekuja pale kwenu nikapindua hiyo meza na birika lake, na Bosi angejua.” Aliutazama mlango. “Na kuanzia siku hiyo sikumwambia tena taratibu. Nilisema, agonge kichwa anavyotaka. Miaka ishirini na sita, wifi. Nilikuwa nikimsikia anagonga mlango ule pale, namwacha.”

Dada Maboksi alilia, na hakujificha. Alisema nisamehe, wifi. Mjane alilishika gurudumu la cherehani akalizungusha mbele na nyuma bila uzi.

“Huyu mtoto amekuja na huo wimbo?” aliuliza mwishowe. “Auweke.”

Msichana aliweka kompyuta yake mezani kati ya vikombe. Kwanza ulisikika mkwaruzo wa kanda, kisha Fundi, karibu kabisa, kama yuko nyuma ya mlango: “Kijiko, mara ya saba.” Dada Maboksi alishtuka kwa kuisikia sauti ile. Halafu kitu kikaburuzwa, kiti labda, na mtu akacheka kwenye kipaza sauti.

“Muacheni huyo Kijiko, bwana,” Mrefu alisema. “Ameshakua. Taratibu, mara ya kwanza.”

Kikafuata kimya kidogo, na ngoma ikaanza kugonga kikombe kisichokuwepo.

Mjane aliweka mkono kinywani. Wimbo ulipita wote mle chumbani, mwanzo wake wa kunong’ona na mwisho wake wa magitaa yote yakipiga kelele pamoja, na yeye hakusogea mpaka gitaa la mwisho liliponyamaza. Ulikuwa mrefu kuliko alivyodhani, alisema. Kisha akamwomba msichana airudishe, si wimbo, yale maneno ya mwanzo tu. Akairudisha. Akamwomba tena. Dada Maboksi alihesabu mara saba, halafu akaacha kuhesabu.

“Nitasaini,” mjane alisema, akijifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja. “Jina la nje liacheni Kijiko, watu wameshalizoea na hawana kosa. La kwake liandikeni ndani, mahali alipoliweka. Kwa penseli hivyo hivyo. Na haya maneno yake msikate.”

“Hatukati, Bibi,” msichana alisema.

Chai ilikuwa imepoa. Waliinywa vivyo hivyo. Hakuna aliyetaja tena kosa, wala mjane hakusema amesamehe, na Dada Maboksi hakutaka kumlazimisha. Alifunga boksi lake, bila uzi safari hii, akaaga, akatoka. Msichana alitangulia chini kuwasha gari. Dada Maboksi alishika boksi kwapani na kuteremsha mguu mzima kwanza, kwa pupa, maana alitaka kufika mahali akalie vizuri.

Nyuma yake mlango ulifunguliwa tena. Mjane alisimama kizingitini, miwani ya kushonea bado puani, akalitazama goti lake na zile ngazi zilizolika.

“Wifi,” alisema. “Taratibu.”

Dada Maboksi akashika ukuta, akateremka kipandio kimoja kimoja.